Kuvitambua Vijidudu vya Maji kwa Haraka



Maji ya kisima yaweza kuwa maangavu na matamu, ilhali yamechanganyika na kinyesi kisichoonekana kwa macho. Ndiyo sababu wapimaji humtafuta bakteria aitwaye E. coli, akaaye matumboni mwa watu na wanyama. Aonekanapo majini, ni dalili kwamba kinyesi kimeyafikia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba asipatikane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Kwa njia ya kawaida, sampuli hupitishwa katika chujio, kisha chujio hilo huwekwa juu ya chakula cha bakteria na kutunzwa katika joto kwa saa 18 hadi 24, mpaka kila bakteria azaliane na kuwa doa lionekanalo. Njia hii huaminika. Upungufu wake ni muda huo, ambao kaya huendelea kunywa.

Ili kuufupisha, wataalamu wanaunda vifaa vya mikrofluidi, yaani vibamba vya kioo au plastiki vyenye mifereji myembamba mfano wa unywele. Seli ipitapo mahali pembamba penye mkondo wa umeme, huuzuia kidogo, na kifaa huihesabu. Kanuni hiyo Wallace Coulter aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1953, na hutumika hospitalini kuhesabu seli za damu. Kwa kuwa kuhesabu pekee hakutambulishi aina ya kijidudu, kuta za mfereji huweza kupakwa kingamwili zimnasazo E. coli na kuwaacha wengine wapite.

Hata hivyo, mililita 100 zina matone yapatayo 2,000. Bakteria akiwa mmoja, na likapimwa tone moja tu, ni rahisi mno kumkosa. Hivyo sharti bakteria wakusanywe kwanza kutoka katika maji yote. Tena baadhi ya vifaa havibagui seli hai na iliyokufa. Kwa hiyo kuotesha bakteria kungali kipimo cha kulinganishia.

Majibu, yawe ya dakika chache au ya siku nzima, hueleza hali ya maji yalipochotwa tu. Mvua ya usiku mmoja yaweza kuibadili. Basi ukishuku kisima, usingoje majibu: chemsha maji mpaka yatokote, yahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko, na umpe taarifa afisa afya wa kata.