SOMO LA MWEZI: Panga Kwanza, Nunua Baadaye – Chombo cha Kuhifadhi Kumbukumbu za Biashara ya Kikundi



Huenda unajiuliza kwa nini gazeti la afya linazungumza juu ya kompyuta na diski. Sababu ni hii. Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Mantapala, tunakuta kwamba pesa ya nauli ya kwenda hospitali ya Kashikishi, pesa ya sabuni na ya chakula cha watoto, mara nyingi imo ndani ya kikundi. Tena inahitajika zaidi wakati ule ule ambapo biashara imelala. Kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru ili samaki wazaane. Hiyo pia ni miezi ya mvua, na malaria ni nyingi Nchelenge. Mama anayekwenda kuomba akiba yake mwezi wa Januari anategemea kitu kimoja: kumbukumbu inayoonyesha alichoweka. Kumbukumbu ikipotea, mwenye sauti kubwa atalipwa na mnyonge atabaki na maneno tu.

Vikundi vingi sasa vinaweka hesabu kwenye kompyuta au simu, na vinapiga picha za risiti. Ni jambo zuri, lakini chombo cha kuhifadhia lazima kinunuliwe kwa mpango. Katika somo hili tutajifunza hatua sita.

HATUA YA 1: ANDIKA MNAHIFADHI NINI

Msiende dukani kabla ya kukaa pamoja na kuandika mahitaji yenu. Asiyejua anachohitaji, muuzaji ndiye atakayemwamulia. Jiulizeni: Tunahifadhi nini? Kwa miaka mingapi? Nani ataruhusiwa kuona? Tukipoteza kazi ya siku moja, tutaweza kuiandika tena? Na ya mwezi mzima?

Mahali hapa zingatia jambo moja la afya. Majina ya wagonjwa, majibu ya vipimo na kadi za kliniki visiwekwe kamwe katika diski ya biashara. Zambia ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2021, na habari za afya ya mtu zinahitaji ulinzi wa pekee.

HATUA YA 2: PIGA HESABU YA UKUBWA

Ukubwa wa kumbukumbu hupimwa kwa megabaiti, gigabaiti na terabaiti. Megabaiti 1,000 ni gigabaiti 1, na gigabaiti 1,000 ni terabaiti 1. Kurasa za maandishi huchukua nafasi ndogo sana. Picha ndizo zinazojaza.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachouza dagaa waliokaushwa. Kila siku wanapiga picha za risiti 20. Picha moja ni kama megabaiti 2.

- Kwa siku: 20 × 2 = megabaiti 40
- Kwa mwezi wa siku 25 za kazi: megabaiti 1,000, yaani gigabaiti 1
- Kwa mwaka, tukitoa miezi 3 ya kufunga ziwa: gigabaiti 9
- Kwa miaka 5: gigabaiti 45

Ongeza gigabaiti 1 kwa daftari za hesabu, jumla ni 46. Ongeza tena nusu yake, yaani 23, kwa ajili ya kukua kwa biashara. Jumla ni gigabaiti 69. Basi diski ya gigabaiti 128 inawatosha kikundi hiki. Wangekwenda dukani bila hesabu, wangeweza kuuziwa diski ya terabaiti 2, na pesa ya chumvi na magunia ingelala ndani ya diski tupu.

Msishangae diski ya terabaiti 1 ikionyesha kama gigabaiti 931 kwenye kompyuta. Huo si wizi. Kiwanda huhesabu kwa 1,000 na kompyuta huhesabu kwa 1,024.

HATUA YA 3: PANGA NAKALA TATU

Diski moja si hifadhi. Inaweza kuanguka, kuibiwa au kunyeshewa. Wataalamu hufuata kanuni ya 3-2-1: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae mahali pengine mbali.

Neno “mbali” ndilo watu husahau. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni kubwa ya kuhifadhi data, OVHcloud, mjini Strasbourg, Ufaransa. Wako wateja waliopoteza data yao kabisa, kwa sababu hata nakala za akiba zilikuwa hapo hapo. Ikiwa jengo la kampuni kubwa liliungua hivyo, nyumba yetu ya nyasi au ya plastiki je? Kompyuta na diski vikilala chini ya paa moja, moto mmoja utachukua vyote.

Kikundi cha mfano wetu kitahitaji diski mbili za nje. Nakala ya kwanza iko ndani ya kompyuta. Ya pili iko katika diski ya mweka hazina, na inaandikwa kila jioni ya siku ya soko. Ya tatu iko katika diski inayokaa nyumbani kwa mwanachama wa bloki nyingine, na inaletwa kila wiki ili iongezewe mambo mapya kisha irudi kwake. Kila diski iwe na neno la siri linalojulikana na watu wawili, siyo mmoja. Na daftari la karatasi lenye sahihi au dole gumba la kila mwanachama lisitupwe.

HATUA YA 4: TAZAMA MAZINGIRA YETU

Wengi wetu tunatumia umeme wa jua, na mwaka 2024 ukame ulifanya hata wenye umeme wa gridi nchini Zambia wakae gizani saa nyingi. Kwa hiyo chagueni diski ndogo inayopata umeme kwa waya wa kompyuta yenyewe. Ile kubwa ya mezani hutaka kuchomekwa ukutani.

Ziko diski zenye sahani inayozunguka ndani. Hizo ni rahisi kuharibika zikianguka. Zisizo na sahani huvumilia mtikiso zaidi, lakini zisiachwe muda mrefu sana bila kuunganishwa na kompyuta. Aina yoyote itunzwe ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na vumbi, unyevu na watoto.

HATUA YA 5: OMBENI BEI KWA BARUA

Chagueni kamati ya watu watatu, na angalau mmoja awe mama. Waandike barua moja, wapeleke maneno yale yale kwa wauzaji wasiopungua watatu, wa Nchelenge, Mansa au hata Lusaka. Mkimwuliza kila mmoja maswali tofauti, hamtaweza kulinganisha majibu. Barua iwe fupi, kwa mfano:

“Sisi ni kikundi cha wauza dagaa. Tunaomba bei ya diski 2 za nje, mpya, za gigabaiti 128 au zaidi, zinazopata umeme kwa waya wa kompyuta. Tafadhali tuandikieni: (a) bei ya kila moja pamoja na kodi, (b) waya umo au haumo, (c) gharama ya kufikisha Nchelenge, (d) dhamana ni ya muda gani, na ikiharibika nani atalipa usafiri wa kuirudisha, (e) siku ngapi mpaka kufika, (f) bei hii itadumu mpaka lini. Tutaijaribu diski kabla ya kumaliza malipo. Majibu yafike kabla ya tarehe 15.”

Msitaje pesa mliyo nayo. Muuzaji akiijua, bei yake itaifuata.

HATUA YA 6: LINGANISHENI, JARIBUNI, NDIPO MLIPE

Bahasha zifunguliwe siku moja mbele ya wanachama. Bei hizi ni za mfano wa kujifunzia tu:

- Muuzaji A: diski 2 kwa K900, nauli K250, hakuna dhamana. Jumla K1,150.
- Muuzaji B: diski 2 kwa K1,100, anafikisha mwenyewe, dhamana mwaka 1. Jumla K1,100.
- Muuzaji C: diski 2 kwa K850, nauli K250, waya K80, dhamana miezi 3. Jumla K1,180.

Mmeona? C alikuwa na bei ndogo kuliko wote, lakini gharama yake ndiyo kubwa. B anashinda kwa jumla na kwa dhamana. Andikeni sababu hiyo katika daftari la mkutano, wote watatu watie sahihi. Mwanakamati mwenye undugu na muuzaji, au aliyepokea zawadi yake, akae pembeni.

Diski zikifika, zijaribuni. Ziko flashi na diski za bandia zinazoonyesha ukubwa mkubwa wakati ndani ni ndogo. Njia ya kuzijua: jazeni diski kwa picha mpaka karibu ijae, itoeni, irudisheni, kisha fungueni picha za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zisipofunguka, rudisheni diski siku hiyo hiyo pamoja na risiti.

Mkishaanza kuitumia, mara moja kwa mwezi jaribuni kufungua hesabu kutoka kwenye ile nakala ya mbali. Nakala isiyowahi kujaribiwa, msiitegemee.

KUMBUKA: Hatua hizi zinafaa pia mkinunua mashine ya kusaga, betri ya jua au cherehani. Andika hitaji, piga hesabu, uliza watu watatu swali moja, jaribu, ndipo ulipe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA BLOKI YENU
1. Kumbukumbu za kikundi chenu ziko wapi usiku huu? Nyumba hiyo ikiungua, kitabaki nini?
2. Kikundi chenu kitajaza gigabaiti ngapi kwa miaka 5?
3. Ni nani katika kikundi hajui kusoma, na mtamwonyeshaje akiba yake mara kwa mara?