MEZA MOJA, KIKOMBE KIMOJA

Masomo: Yohana 13:31-35, Wagalatia 2:11-14



Tukiuliza hapa Kalemie watu wanatutambua kwa nini, wengi watajibu: kwa nguo za kijani na nyeupe, kwa fanfari, kwa kuvua viatu mahali pa sala. Ni vizuri. Lakini Bwana alipotoa alama ya wanafunzi wake hakutaja nguo wala ngoma. Alitaja upendo. Ndiyo maana katika maneno matatu ya Kanisa letu, Upendo, Amri na Kazi, Upendo umetangulia.

Angalieni saa aliposema hayo. Ilikuwa usiku, mezani. Alikuwa amekwisha kuwaosha miguu, na Yuda alikuwa ametoka. Amri ya kumpenda jirani haikuwa ngeni masikioni mwao, maana imo katika Torati (Walawi 19:18). Kilichokuwa kipya ni kipimo: tupendane jinsi yeye alivyotupenda.

Sasa twende Antiokia. Petro alikuwa akila na watu wa mataifa bila shida. Walipofika wengine kutoka Yerusalemu akaogopa, akajitenga pole pole, hata Barnaba akavutwa. Petro hakumpiga mtu, hakumtukana mtu. Alihamisha sahani tu. Lakini Paulo aliona Injili yenyewe imeguswa, akamkemea mbele ya wote. Na ni Antiokia hiyo hiyo ambako wanafunzi waliitwa Wakristo mara ya kwanza (Matendo 11:26).

Sisi pia tunayo Antiokia yetu. Katika jimbo hili la Tanganyika Baluba na Batwa wamekaa pamoja tangu wazee, mmoja na shamba lake, mwingine na pori lake. Lakini Mtwa aliyelima shamba la mwenzake mara nyingi alilipwa pombe au nguo kuukuu. Mluba aliweza kuoa binti wa Batwa. Kijana wa Batwa akimtaka binti wa Baluba, ilikuwa aibu. Na wengi walikataa kunywa katika kikombe alichonywea Mtwa.

Mwaka 2013 vita vikawaka upande wa Manono, Kabalo na Nyunzu. Vijiji vya Baluba vilichomwa, na makambi ya Batwa pia. Tarehe 30 Aprili 2015, karibu na Nyunzu, Batwa wengi waliuawa katika kambi ya wakimbizi iliyoitwa, ole wetu, Vumilia. Mwaka 2016 moto ukafika teritware ya Kalemie, na mwaka 2017 waliohama makwao katika jimbo letu walipita 500,000. Mishale ilikuja nyuma. Kikombe ndicho kilichotangulia.

Leo watoto wa pande zote mbili wanaimba pamoja. Lakini mahali fulani tuliona, kisha ibada, bukari na ndakala zikigawiwa. Wote walikaa kwenye mikeka. Jamaa moja ya Batwa ikapewa bakuli yake karibu na mlango. Hakuna aliyewafukuza. Hata waliambiwa karibuni. Bakuli ndiyo iliyosema.

Wapendwa, Meza Takatifu ya Kanisa letu, iliyoanza mwaka 1971, ina mkate wa viazi, mahindi na ndizi, na kinywaji chake ni asali na maji. Katika jimbo hili ni nani anayejua kutoa asali mtini kuliko Mtwa? Huenda asali tunayopokea kwa heshima Mezani pa Bwana imetoka mikononi mwake, kisha nyumbani tunakataa kikombe chake.

Wengine watasema: waliua ndugu zetu. Kila upande unasema hivyo, na kila upande una makaburi. Hatuwaambii msahau, wala hatuwatetei wauaji. Hiyo ni kazi ya sheria. Lakini mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 2017 hajashika mshale wala panga, naye ndiye anayeketi mlangoni.

Vijijini yameundwa mabaraza ambamo Baluba na Batwa wanaketi pamoja kumaliza magomvi. Tuseme nini, ikiwa baraza lina meza moja na Kanisa lina mbili?

Kwa hiyo tunaomba mashemasi na mama wanaopika: Jumapili hii pasiwe na bakuli ya pembeni. Sahani zikiwa chache, wawili wawili wale pamoja, na wazee waanze. Habari ya kuoana tutaifundisha siku nyingine, maana hapo moto ni mkali zaidi.

Kwa mazungumzo nyumbani: someni Wagalatia 2:11-14 polepole, kisha kila mmoja ajibu. Ni jirani gani ambaye hajawahi kula kwetu, na ni nani aliyetufundisha kutomwita?