Haki za Mtoto Aliyepatwa na Gharika

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Nchi ya Dodoma ni nchi kavu. Mvua yake kwa mwaka ni kadiri ya milimita 550 hata 600, nayo hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili. Mito yake siku nyingi ni mchanga mtupu. Lakini mvua kubwa ikishuka juu ya ardhi ngumu isiyo na majani, maji hayanyweki, hukimbia yote kwa mara moja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010. Mto Kinyasungwe, upitao Gulwe na Godegode katika wilaya ya Mpwapwa, ulifurika. Na ulipofika Kilosa, ambako huitwa Mkondoa, ulivunja tuta lake ukaingia katika makazi ya watu. Nyumba zikaanguka, njia ya reli baina ya Kilosa na Gulwe ikaharibika, na maelfu ya watu wakahamia katika mahema na majengo ya shule, na watoto wao pamoja nao.

Khabari kama hizi zinapofika pwani, watu wema husema: "Na waletwe watoto hao huku, wapewe chakula, wasomeshwe Kurani." Nia hiyo ni njema, wala hapana mwenye kuilaumu. Lakini nia njema haitoshi mpaka kitendo nacho kiwafikiane na sharia. Na sharia inaonyesha ya kuwa msaada ulio bora kwa mtoto wa gharika ni kurejeshwa kwao, si kutolewa kwao.

Mas-ala ya kwanza: Nasaba na malezi. Mtoto aliyepoteana na wazee wake katika maji si mtoto asiye na mwenyewe. Ulezi wake, kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, ni haki ya mama, kisha bibi mzaa mama, kisha jamaa wengine kwa daraja zao. Basi ni wajibu watafutwe kwanza. Na akiokotwa mtoto ambaye hajulikani ni wa nani, kumwokota ni fardhi kifaya, na mwokotaji hana budi kushuhudisha watu, ili nasaba ya mtoto isipotee na mali yake isiliwe. Wala si halali kumwita kwa jina la asiye baba yake. Jambo hilo limekatazwa katika Suratul Ahzab. Na mtoto wa kike akikua katika nyumba ya watu baki, malezi hayamfanyi kuwa maharimu wao, ila kwa kunyonya kabla ya kutimia miaka miwili, mara tano. Zaidi ya hayo, sheria ya nchi, yaani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, haimruhusu mtu kujichukulia mtoto wa mwenziwe. Hana budi kupitia kwa maafisa wa ustawi wa jamii. Na ni wangapi walioletwa mjini kwa jina la kusomeshwa, kisha wakawa watumishi wa kuteka maji na kuosha vyombo!

Mas-ala ya pili: Mali. Kila apewacho mtoto yatima, kiwe blanketi, au fedha, au bati za kuezekea, ni mali yake. Msimamizi wake ni babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa, kisha kadhi. Mwenye kukiuza kwa haja yake mwenyewe aisome Suratun Nisaa, aone makamio ya walao mali ya mayatima kwa dhuluma.

Mas-ala ya tatu: Moyo. Mtoto aliyeona maji yakichukua nyumba yao huweza kushtuka kwa sauti ya mvua, au kukojoa kitandani na hali amekwisha kua, au kunyamaza siku nyingi. Hayo si utukutu, wala dawa yake si fimbo. Dawa yake ni kukaa na watu anaowajua, kula na kulala kwa saa zake, kucheza na wenziwe, na kurudi chuoni mapema, hata kama chuo ni chini ya mti. Mwalimu asimwadhibu kwa juzuu iliyochukuliwa na maji, wala kwa sura aliyoisahau. Na aambiwe kweli: aliyefiwa na mama asidanganywe ya kuwa mama amesafiri, kwani atamngoja. Wala asiambiwe ya kuwa maji yalikuja kwa dhambi zake, mtoto haandikiwi dhambi mpaka abaleghe, na Muislamu aliyekufa maji amehisabiwa na Mtume (s.a.w.) miongoni mwa mashahidi. Na ambaye hali yake haitengenei baada ya majuma kadha, apelekwe hospitali.

Mas-ala ya nne: Asiye Muislamu. Miongoni mwa watu wa nchi zile wamo wasio Waislamu. Zaka hawapewi, lakini sadaka ya khiari yajuzu kwao, na ina thawabu. Wala mtoto wao asifanywe shartu ya kubadili dini ndipo apewe uji.

Khatima. Anayetaka kuwa jirani wa Mtume peponi, kama alivyoahidiwa mwenye kumlea yatima, haimlazimu kumtia yatima katika nyumba yake. Na ampe bibi wa mtoto posho ya mwezi; na ajenge chumba kilichoanguka; na amlipe mwalimu wa kijiji kile; na asiache baada ya mwezi mmoja, watu wanapokwisha kusahau. Maji ya Kinyasungwe na Mkondoa huingia mto Wami, na Wami humwagika baharini kaskazini ya Bagamoyo. Basi maji yaliyowaliza watoto wa bara ndiyo yafikayo pwani, na msiba wao si wa watu wa mbali.

Wabillahi tawfiki.