Msimkalishe Mzee: Woga wa Kuanguka na Mazoezi ya Kuupunguza

Kijitabu kwa familia inayoishi na mzee

Woga wenyewe

Mzee akiteleza bafuni au akijikwaa kwenye kizingiti, hata kama hakuumia, mara nyingi hubadilika. Haendi tena msikitini au kanisani, kwa jirani hafiki, na maji ya kuoga anataka aletewe chumbani. Wengine hushikwa na woga huu bila kuwahi kuanguka. Wamemwona mwenzao amevunjika nyonga, basi. Huo si uvivu wala deko. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Tahadhari ni njema. Hatari huanza pale mzee anapoacha kutembea.

Kukaa huleta kuanguka

Misuli ya mapaja na nyonga isipotumika hunywea. Viungo hukakamaa, na mwili hupoteza wepesi wa kujizuia unapoyumba. Mzee aliyekaa miezi kadhaa kwa kuogopa kuanguka huwa rahisi zaidi kuanguka siku atakapolazimika kuinuka. Akianguka, woga huongezeka, naye hukaa zaidi.

Familia nayo huchangia bila kujua. "Bibi, wewe tulia, nitakuletea." Ni maneno ya upendo, lakini kila kazi anayoondolewa ni zoezi analokosa. Mwacheni ajitekee maji ya kunywa, apete mchele, amwagilie mboga, atembee hadi dukani. Kaeni karibu naye, msimfanyie anachokiweza.

Mazoezi husaidia kiasi gani?

Mwaka 2019, watafiti wa mtandao wa Cochrane walichapisha mapitio ya majaribio 108 yaliyohusisha zaidi ya watu 23,000 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mazoezi yalipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23. Miongoni mwa yaliyofaa ni yale ya kuuzoeza mwili usiyumbe, pamoja na yale yanayofanana na shughuli za kila siku. WHO inashauri wazee wafanye mazoezi ya aina hii angalau siku 3 kwa wiki.

Mazoezi manne ya nyumbani

Tumieni kiti kizito cha mbao kilichoegemezwa ukutani. Cha plastiki huteleza. Mzee avae viatu vinavyoshika mguu, si kandambili. Mtu mmoja asimame kando yake.

1. *Kuinuka na kukaa.* Akae kitini, ainamishe kifua mbele, ainuke, kisha akae polepole. Aanze mara 5, aongeze kidogo kidogo hadi 10. Mwanzoni anaweza kujisaidia kwa mikono.
2. *Kuinua visigino.* Ashike mgongo wa kiti, asimame kwa vidole vya miguu, ashuke taratibu. Mara 10.
3. *Unyayo mbele ya unyayo.* Kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine. Asimame hivyo sekunde 10, kisha abadilishe miguu.
4. *Kutembea kwa ubavu.* Mikono ikiwa ukutani, apige hatua 10 kulia na 10 kushoto.

Akiumwa kifua, akipata kizunguzungu au akikosa pumzi isivyo kawaida, aache mara moja, na apelekwe kuonwa na daktari.

Nyumba nayo irekebishwe

Ondoeni ndoo, nyaya na mikeka iliyojikunja njiani. Fungeni kishikio imara chooni na bafuni, na sakafu yenye maji ifutwe. Wekeni tochi karibu na kitanda. Akiamka usiku, akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.

Kituo cha afya

Mpelekeni akapimwe macho, na presha apimwe akiwa amekaa na akiwa amesimama. Bebeni dawa zake zote: za presha, za usingizi, za kisukari. Baadhi huleta kizunguzungu, na daktari anaweza kubadilisha kipimo. Msimwachishe dawa wenyewe. Kama ana ganzi ya miguu, mwambieni daktari pia.

Akianguka

Msimnyanyue kwa haraka. Muulizeni panapouma. Ikiwa amegonga kichwa, hawezi kusimama, au mguu mmoja unaonekana mfupi au umepinda nje, mfunikeni, mwacheni alivyo, na mtafute usafiri wa hospitali.

Kama hajaumia, ageuke kwa ubavu, apige magoti, ashike kiti, aweke mbele mguu wenye nguvu, kisha ajiinue. Akishatulia, zungumzeni naye kuhusu kilichomwangusha, mkiondoe, na kesho yake aendelee kutembea akiwa na mtu kando.

Anzeni wiki hii

Kaeni na mzee mumsikilize anaogopa nini hasa: ngazi, choo, au barabara. Chagueni pamoja shughuli moja aliyoiacha, mpangiane zamu za kumsindikiza, na mfanye naye mazoezi haya siku tatu kila wiki. Mwenye kuamua kasi ni yeye.