Kabla ya Kujenga Kituo, Tutafute Familia

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu,

Mtoto aliyepotezana na wazazi vitani si lazima awe yatima. Hilo tulijifunze kutoka Rwanda, ambako mwaka 1994 watoto zaidi ya 100,000 walitenganishwa na familia zao. Katika kambi za Goma, vituo vya watoto vilipopata chakula na dawa, baadhi ya wazazi wenye njaa waliwaacha watoto wao hapo ili wapone. Watoto wengine walipelekwa Italia wakaasiliwa huko, ingawa baadhi walikuwa na ndugu hai waliotaka warudishwe.

Kilichosaidia ni kazi ya subira:

1. Kumwandikisha mtoto palepale alipookotwa: jina, mahali, nguo aliyovaa, maneno anayosema.
2. Kuwapiga picha wadogo wasiojua majina yao, na kuzionyesha kambini na vijijini.
3. Kutowatenganisha ndugu wa tumbo moja.
4. Kumweka mtoto katika kaya inayotembelewa mara kwa mara, huku ndugu zake wakitafutwa.

Kwa hiyo tunawaomba: mchango wenu ulipie kwanza daftari, picha na nauli za watafutaji, kisha matofali.

Maswali ya kujadili: Parokiani kwetu, ni nani anayeandika jina la mtoto mgeni? Ni nani anayemtembelea?