Unyonge wa Akili Katika Uzee: Maradhi, Si Uchawi

Mwenyezi Mungu ametaja katika Kurani Tukufu, Sura An-Nahl (16:71), jambo ambalo wengi wetu hulisoma na kulipita upesi. Humo tunaarifiwa ya kuwa Mungu ndiye aliyetuumba na ndiye atufishaye, na kwamba wako miongoni mwetu wanaorudishwa katika umri ulio dhaifu kabisa, hata mtu akawa hajui kitu baada ya kuwa na elimu. Jambo hilo hilo limetajwa tena katika Sura Al-Hajj (22:6). Naye Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa akiomba kinga ya Mungu asirudishwe katika umri huo.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa hapa. Kwanza, wanaorudishwa ni baadhi tu, si wazee wote. Pili, hali hii imetajwa pamoja na kuumbwa na kufa, yaani ni katika kanuni za maumbile. Hakutajwa mchawi wala jini. Seyidna Ahmad a.s. ametufundisha kwamba neno la Mungu na tendo la Mungu haviwezi kupingana. Basi na tutazame tendo lake katika ubongo wa mwanadamu.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na robo hivi au zaidi kidogo. Kadiri miaka inavyosonga hunywea polepole, na mzee hukawia kulikumbuka jina, au husahau alikoweka fimbo yake kisha akaikumbuka baadaye. Huo ni uzee wa kawaida, wala hauna haja ya kutiliwa hofu. Maradhi ni jambo jingine. Mzee mgonjwa hapotezi fimbo tu, bali husahau kwamba alikuwa na fimbo, au huishika asijue ni ya nini. Hupotea katika njia ya kisima aliyoipita miaka hamsini. Huuliza swali moja mara kumi katika saa moja, na mara ya kumi huliuliza kwa moyo mweupe kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Mwezi Novemba 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza madaktari wenzake habari za mwanamke aliyeanza kupotewa na akili alipokuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Baada ya kufa kwake, daktari huyo aliutazama ubongo wake kwa darubini akaona mabonge ya uchafu baina ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Kwa kawaida huanza katika kijisehemu kilichojikunja ndani ya kichwa, kimoja kila upande, ambacho kazi yake ni kuhifadhi habari mpya. Ndiyo maana mzee husahau kwamba amekula sasa hivi, na hali anakumbuka vizuri mahari aliyoitoa ujanani. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu, ambayo presha na kisukari huiharibu, na sehemu za ubongo hufa moja baada ya nyingine kwa kukosa damu.

Wako wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 walikuwako wagonjwa milioni 57 ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao waliishi katika nchi zisizo tajiri. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2009 na 2010, madaktari waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Wakaona, baada ya kulinganisha umri, kwamba katika kila wazee mia, sita au zaidi kidogo walikuwa wagonjwa. Kwa kuwa wazee wengi hawakusoma shule, kilitengenezwa kipimo kisichohitaji kalamu: mzee huulizwa daraja ni kitu gani, hutajiwa maneno akatakiwa ayakumbuke baadaye, na huonyeshwa njiti nne za kiberiti zilizopangwa naye azipange vivyo hivyo. Wazee wa Rungwe, Mufindi na Kilolo ni wakulima kama wale wa Hai, na ubongo wao ni ule ule.

Ndugu msomaji, tofauti kubwa iko katika jina tunaloyapa maradhi haya. Maradhi haya huwafanya wengi wasitulie jua linapotua. Bibi kizee huamka usiku wa manane, hufungua mlango, huenda kutafuta nyumba ya wazazi wake waliokwisha kufa zamani. Kuvaa nguo nako amekusahau. Alfajiri jirani anamkuta uani kwake, uchi, akitetemeka kwa baridi ya Uporoto, hawezi kueleza amefikaje. Kijiji kizima kinasema: ameanguka na ungo! Mwingine huona watu wasiokuwapo akaongea nao, ikasemwa anazungumza na mizimu. Mwingine hudai mkwewe amemwibia fedha, kumbe amezifukia mwenyewe jikoni. Kwa tuhuma za namna hii vikongwe wengi wameuawa katika nchi hii, hasa huko Shinyanga na Mwanza, wala Nyanda za Juu Kusini hazikusalimika. Nao wale waganga wanaoitwa lambalamba wamepita vijijini wakichukua fedha za watu ili wawafichue wachawi. Je, ni haki kumhukumu mtu kwa kosa la kuwa mgonjwa? Na Mwislamu anayemlipa mganga kama huyo ameiweka wapi ile Sura An-Nahl aliyoisoma?

Tena si kila aliyepotewa na akili ana ugonjwa usioponyeka. Akichanganyikiwa ghafula, katika siku moja au mbili, mara nyingi kuna malaria, nimonia, maradhi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini, naye hupata nafuu akitibiwa mapema. Mikoa yetu ilijulikana sana kwa rovu kabla ya chumvi kutiwa madini joto. Tezi hilo la shingoni linapolegea, akili nayo hulegea, na dawa yake ipo. UKIMWI, uliowashika watu wengi Iringa, Njombe na Mbeya, nao huweza kuudhuru ubongo. Kisha kuna tegu wa nguruwe, anayejulikana sana upande wa Mbozi. Anayekula nyama yake isiyoiva hupata tegu tumboni. Lakini mayai ya tegu hutoka na choo cha mtu huyo, yakashika mikono, maji na mboga, na yeyote anayeyameza aweza kupata vifuko vya minyoo ubongoni, na kwavyo kifafa na hata kuvurugika kwa akili. Asijidanganye basi Mwislamu kwamba kwa kuwa hali nguruwe yu salama. Anawe mikono na achimbe choo.

Kwa hiyo mzee apelekwe kwanza zahanati, na ikibidi hospitali ya rufaa ya Iringa au Mbeya, pamoja na dawa zote anazotumia. Aliye kijana apime presha, aache sigara, na ulanzi pia, maana pombe huudhuru ubongo. Huko Iringa mvua zikianza wako wanaokesha nao. Moshi wa kuni ndani ya nyumba iliyofungwa kwa ajili ya baridi nao una madhara. Masikio yasiyosikia yatibiwe, kwa kuwa mtu asiyesemeshwa akili yake huchakaa upesi.

Sasa tuitazame amri iliyo katika Sura Bani Israil (17:24). Mungu ametukataza kumwambia mzazi hata neno dogo la kuchoshwa, au kumkemea, anapofikia uzee akiwa kwetu. Angalia maneno hayo: akiwa kwetu. Mzee mwenye nguvu tulikuwa sisi kwake. Sasa yeye yuko kwetu, na hapo ndipo amri inapokuwa nzito, kwa maana neno hilo dogo halitutoki kwa mzee mwenye akili timamu bali kwa yule anayeuliza mara ya kumi. Hakuna faida ya kubishana naye. Akisema anataka kwenda kwao na hali yuko kwao, mshike mkono mzunguke naye nyumba, kisha mrudi ndani. Vitu vyake visihamishwe mahali, na mlango ufungwe usiku kwa namna asiyoweza kuifungua.

Katika swala atangulizwe msikitini asimame na jamaa, amfuate imamu; aghalabu Alhamdu hubaki kinywani baada ya majina ya wajukuu kutoweka. Akikosea rakaa asichekwe. Mzee dhaifu mwenye akili yake hutoa fidia ya saumu (2:185), ama yule ambaye akili imemwondokea, Mtume s.a.w. amekwisha kutueleza kwamba kalamu imeinuliwa juu yake. Asihimizwe kufunga kwa sababu tu zamani alikuwa mfungaji hodari, hasa ikiwa ana dawa ya presha ya kunywa mchana.