Kabla Hujasaini: Muulize Sajini Mbele ya Mama

Wadogo zangu mlioko sekondari huko Marekani, leo nina neno nanyi, hasa nyie wa darasa la kumi na moja na la kumi na mbili. Mlioko Louisville, Dallas, Phoenix, Des Moines, Portland ya Maine, popote ambapo nyumbani mnaongea Kiswahili na shuleni Kiingereza. Nataka tumzungumzie yule mwandikishaji wa jeshi, mnayemwita rikruta, anayekuja wakati wa chakula cha mchana na kuweka meza yake karibu na mlango wa bwalo. Ana fulana, ana kalamu, ana chuma cha kuning'inia mpimane nguvu za mikono. Nguo zake zimenyooka. Anakuita kwa jina lako, tena analitamka vizuri. Kwa mtoto ambaye walimu wamelivuruga jina lake tangu alipotua nchini humo, hilo si jambo dogo, na ninaelewa kabisa kwa nini unasimama kumsikiliza.

Jina lako na namba yako ya simu hakuviokota. Sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002, na ile iliyoirithi mwaka 2015, zinazitaka sekondari zinazopokea fedha za serikali kuu kuwapa waandikishaji majina, anwani na namba za simu za wanafunzi. Mzazi ana haki ya kukataa kwa maandishi, na ukishafika miaka 18 unaweza kukataa mwenyewe. Shida ni kwamba taarifa ya haki hiyo huja ndani ya bunda la karatasi za mwanzo wa mwaka, kwa Kiingereza, na wazazi wetu husaini bunda zima ili mtoto aanze masomo. Nenda ofisini kaiulizie. Uliza pia kuhusu ule mtihani wa jeshi uitwao ASVAB, unaotolewa bure shuleni kama kipimo cha vipaji. Shule inaweza kuchagua matokeo yasipelekwe kwa waandikishaji, lakini isipochagua, yanakwenda. Mwulize mshauri wa wanafunzi kabla ya kukaa kwenye kiti, si baada.

Nieleweke vizuri: siwaambii msiingie jeshini. Wapo vijana wetu walioingia, wakasoma, wakapata uraia, wakawajengea wazazi wao, na ninawaheshimu. Ninachotaka ni uingie ukijua unachoingia, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mfahamu kwanza aliyeko upande wa pili wa meza. Marekani haijalazimisha mtu kuingia jeshini tangu 1973, kwa hiyo kila askari lazima ashawishiwe, na sajini huyu ana idadi ya watu anayotakiwa kuifikisha. Wengi hawakuiomba kazi hiyo, walipangiwa. Mwaka 2022 Jeshi la Nchi Kavu lilikosa watu wapatao 15,000 kufikia lengo lake, na upungufu wa namna hiyo huteremka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye bwalo lenu. Mwaka 2005, vita vya Iraq vikiwa vimepamba moto, mwanafunzi mmoja wa Arvada, Colorado, alijifanya ameacha shule na anatumia dawa za kulevya, akarekodi mazungumzo yake na waandikishaji. Walimshauri atafute cheti bandia. Tarehe 20 Mei mwaka huohuo Jeshi la Nchi Kavu lilisimamisha uandikishaji nchi nzima kwa siku moja ili kuwakumbusha watu wake maadili. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilipochunguza, ikakuta malalamiko na matukio ya mwenendo mbaya yamepanda kutoka 4,400 mwaka wa fedha 2004 hadi 6,500 mwaka 2005. Yaliyothibitishwa mwaka huo yalikaribia 630.

Ukilinganisha na maelfu ya waandikishaji waliopo, hayo ni machache, na haki ni kulisema hilo. Uongo mtupu si wa kila siku. Cha kila siku ni ukweli ulioachwa nusu, na huo, mdogo wangu, hauandikiwi malalamiko kwa sababu hakuna aliyesema neno la uongo.

Chukua hili la masomo. Atakwambia jeshi litakulipia chuo, na ni kweli. Mpango wa GI Bill ulioanza kutumika 2009 hulipia ada ya chuo cha umma kwa miezi 36, pamoja na posho ya nyumba. Nusu iliyobaki ni kwamba, kwa kawaida, ili ulipwe kwa asilimia mia lazima uwe umetumikia miezi 36 ya utumishi wa kudumu, na utoke na cheti cha heshima cha daraja la juu. Kuna cheti kilicho hatua moja tu chini yake, nacho jina lake bado lina neno heshima, lakini ukitoka nacho GI Bill hiyo huipati. Na ukiingia National Guard, jeshi la akiba la majimbo, zile wikendi za mazoezi hazihesabiki kwenye miezi hiyo 36. Kijana anayejiunga na Guard kwa ajili ya chuo aulize atalipiwa kwa mpango upi, kwa sababu ipo mingine, na kila jimbo lina wake.

Au "miaka minne tu." Mkataba wa kwanza kwa kawaida ni wa miaka 8. Ukimaliza minne kambini, iliyobaki unakaa kwenye orodha ya akiba, na wakati wa vita vya Iraq walikuwepo watu waliokuwa wameshavua sare, wana kazi na watoto, wakaitwa tena.

Kazi utakayofanya nayo ina mambo yake. Sajini wa shuleni si yeye anayekupa kazi. Kazi hutolewa kwenye kituo kiitwacho MEPS, siku ya vipimo na kiapo, na mtu mwingine kabisa ambaye hukumwona bwaloni. Hapo umechoka, umeamka usiku, na unaambiwa ile kazi ya kompyuta uliyoitaka haina nafasi leo, lakini ipo hii nyingine. Una haki ya kusema hapana na kurudi nyumbani. Kama kazi imetajwa kwa jina kwenye viambatisho vya mkataba, ni yako ukifaulu mafunzo na ukitimiza masharti yake. Kama mkataba umeachwa wazi, jeshi ndilo litakalochagua.

Bonasi pia. Januari 2022 Jeshi la Nchi Kavu lilitangaza hadi dola 50,000 kwa watakaojiunga kwa miaka sita kwenye kazi fulani. Neno zito hapo ni "hadi." Fedha hukatwa kodi, huja baada ya mafunzo, mara nyingi kwa mafungu, na usipomaliza muda wako unaweza kudaiwa uzirudishe. Mwaka 2016 ilibainika kuwa maelfu ya askari wa National Guard ya California walikuwa wakidaiwa bonasi walizopewa miaka mingi nyuma, kwa makosa yaliyofanywa na waliowaandikisha. Ilibidi waziri wa ulinzi mwenyewe aamuru madai hayo yasimamishwe.

Sasa uraia, ambao najua ndio unaowavuta wengi wenu. Mkimbizi ambaye bado hajapata grinikadi hawezi kuandikishwa, asikudanganye mtu. Mwenye grinikadi anaweza, na njia ya uraia kwake huwa fupi kuliko ya mhamiaji asiye askari, tena bila ada. Lakini uraia hauji wenyewe kwa kuvaa sare. Lazima uombe, ujaze fomu, jeshi lithibitishe utumishi wako, uchunguzwe. Wapo walioamini kiapo cha jeshi ndicho kiapo cha uraia. Wakamaliza utumishi wao, baadaye wakaingia matatani na sheria, wakarudishwa nchi walizotoka wakiwa watoto. Pia kazi nyingi zinazohitaji kibali cha siri zimefungwa kwa asiye raia, kwa hiyo ile orodha ndefu ya kazi unayoonyeshwa kwenye simu si yote yako. Na mtu akikwambia kuna mpango wa kuchukua wanaojua Kiswahili hata bila grinikadi, ulikuwepo, ukiitwa MAVNI, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zake. Uliacha kupokea watu 2016.

Nije nyumbani, maana ndiko kunakonikera zaidi. Ukiwa na miaka 17 huwezi kuandikishwa bila saini ya mzazi, kwa hiyo sajini atakuja sebuleni. Nimewahi kukaa kwenye sebule hizo. Moja siisahau. Mama alikuwa amekimbia vita Kivu Kusini, amepika chai, amemwekea mgeni kiti kizuri. Mtafsiri alikuwa kijana mwenyewe, yule anayetaka kwenda. Sajini alisema kazi ya ufundi wa magari inawezekana, ikitegemea nafasi zitakazokuwepo. Kijana akamgeukia mama yake: "Anasema watanipa ufundi wa magari." Mama akauliza, "Watamupeleka ku vita?" Kijana akamuuliza sajini kuhusu likizo.

Nilimwomba kijana anyamaze kidogo, nikalirudisha lile swali kama mama alivyolisema. Sajini akaweka kikombe chini, akamtazama mama, akajibu kwamba hawezi kumwahidi kuwa mwanawe hatapelekwa vitani. Akasema ni askari, na askari huenda anakotumwa. Lilikuwa jibu la mtu mkweli, na angelitoa tangu mwanzo kama swali lingemfikia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usimtafsirie mama yako siku hiyo. Najua umemtafsiria hospitali, benki na ofisi ya msaada wa chakula tangu una miaka tisa. Siku hii achia mtu mwingine: mtu wa kanisani au msikitini, mfanyakazi wa shirika lililowapokea, jirani anayejua lugha zote mbili na asiye na lake kwenye jambo hilo. Mama yako ameviona vita kwa macho. Ana maswali ambayo wewe hujui kuyauliza, na ana haki ya kujibiwa yeye.

Ukiambiwa usitaje pumu, au ule mguu uliovunjika kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, au dawa ulizopewa ulipokuwa huwezi kulala, kataa. Siku hizi kituo cha MEPS kina mfumo wa kompyuta unaovuta rekodi za hospitali za Marekani, na yaliyoandikwa huko yataonekana. Kuficha ili uandikishwe ni kosa chini ya sheria za kijeshi, na atakayekuwa ameweka saini kwenye fomu ni wewe. Aliyekwambia "usiseme" hakuacha karatasi.

Wasichana, hili ni lenu. Msikutane na mwandikishaji peke yenu, si kwenye gari lake, si ofisini jioni baada ya wengine kuondoka. Kanuni zao wenyewe zinawakataza uhusiano wa kimapenzi na wanaowaandikisha, na bado wapo walioadhibiwa kwa kuwanyanyasa wasichana waliofika kuulizia kazi. Mwandikishaji mwema hatachukia ukija na shangazi. Akichukia, umeshapata jibu.

Na kwa kaka zenu wanaofikisha miaka 18: ile orodha ya Selective Service, ambayo sheria inataka wanaume wa miaka 18 hadi 25 wawemo, hata wakimbizi, si kuingia jeshini. Nimeona mama akilia juu ya karatasi hiyo bure. Mwelezeni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa kuandikishwa, fomu iitwayo DD 4, una kifungu kinachosema kwa herufi kubwa kwamba ahadi yoyote aliyokupa mtu yeyote nje ya karatasi hizo na viambatisho vyake si halali na haitatekelezwa. Kifungu kingine kinasema sheria za jeshi zinaweza kubadilika bila wewe kuarifiwa, mshahara na marupurupu yakiwemo. Jeshi limekuambia ukweli hapo, waziwazi. Basi kila anachokuahidi sajini, mwambie akuonyeshe mahali kilipoandikwa. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, lala nayo hata wiki. Kisha mtafute mtu aliyefanya kazi hiyohiyo unayoitaka na akatoka miaka ya karibuni, umuulize siku yake ilikuwaje kuanzia alfajiri. GI Rights Hotline ni simu ya ushauri ya bure isiyo ya jeshi, na unayowaambia hubaki siri.

Kama umeshasaini na moyo umekataa, nisikilize kwa makini. Wengi wenu husaini mkiwa bado shuleni, chini ya mpango wa kuchelewesha kuingia, mkisubiri kuondoka baada ya mahafali. Utaambiwa ukighairi utafungwa, utanyimwa mkopo wa chuo, utaharibiwa grinikadi. Si kweli. Mpaka siku unapokula kiapo cha pili na kuondoka kwenda mafunzoni, unaweza kujitoa, na kanuni za jeshi zinakataza kukutisha au kukulazimisha. Andika barua fupi kwa mkuu wa ofisi ya uandikishaji, si kwa sajini wako, useme unaomba kuondolewa kwenye mpango na utaje sababu moja. Itume kwa posta yenye risiti, ubaki na nakala. Huhitaji kwenda ofisini kwao kujieleza. Simu za vitisho zikiendelea, andika tarehe na jina la aliyepiga, kisha mpigie mbunge wa eneo lenu. Ofisi za wabunge huko hupokea malalamiko ya aina hii, na ukiwa mkazi wa eneo hilo watakusikiliza hata kama bado si raia.